Mabaki ya Uyoga kama Chakula cha Udongo: Tathmini ya Viroba Nilivyonunua Morogoro

Kwa misimu mitatu mfululizo nimenunua mabaki ya uyoga kutoka kwa mkulima mmoja wa uyoga wa mamama aliye nje kidogo ya mji wa Morogoro, nikayatumia katika bustani yangu ya mboga ya robo ekari iliyo karibu na Mto Ngerengere. Bidhaa yenyewe ni kile kinachobaki ndani ya mifuko ambayo uyoga umekwisha kuchumwa mara tatu au nne na sasa haitoi tena kitu cha kupeleka sokoni. Badala ya kuitupa korongoni kama alivyokuwa akifanya zamani, mwenye banda huipasua, hukijaza kilichomo kwenye viroba, na kuuza kila kiroba kwa shilingi 2,500, usafiri ukiwa juu ya mnunuzi. Kibao kilichotundikwa langoni kwake kinaiita bidhaa hiyo "mbolea hai". Jina hilo ndilo lililonisukuma kuandika tathmini hii, kwa sababu maneno yote mawili yana kasoro, ilhali kitu kilichomo kwenye kiroba ni bora kuliko jina lililobandikwa juu yake.

Anayefungua kiroba kwa mara ya kwanza hukutana na vipande vyeupe, vyepesi kuliko anavyotarajia, vilivyoshikana kama mkate uliolala, vyenye harufu ya uyoga mbichi. Ukikivunja kipande kwa vidole unaona mabua ya mpunga yaliyokatwakatwa na maganda ya mbegu za pamba, yote yakiwa yamefumwa pamoja na nyuzi nyembamba mno zilizopenya kila upande. Nyuzi hizo ndizo uyoga wenyewe; kile tunachokikaanga na vitunguu ni tunda lake tu. Mamama ni miongoni mwa fangasi wachache wenye uwezo wa kuyeyusha lignini, yaani ile sehemu ngumu ya mimea inayoufanya mti uwe mti, na kwa hiyo mabua yanayotoka bandani si yale yaliyoingia: yamelainika, yanavunjika kati ya vidole, na sehemu kubwa ya kaboni yake imekwisha kupumuliwa na kwenda zake hewani. Mkulima huyu, kama wengi, huchemsha malighafi kwenye pipa kabla ya kupanda mbegu ya uyoga, na huongeza chokaa kidogo. Kutokana na uchemshaji huo sijawahi kuona gugu lililoletwa na viroba vyake, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu samadi ya ng'ombe niliyowahi kununua.

Sasa nirudi kwenye neno "hai". Mnunuzi akilisikia hudhani ananunua vijidudu vilivyo hai ambavyo vitaingia shambani na kuanza kazi, kama afanyavyo mtu anayenunua Biofix, ile chanjo ya mikunde inayotengenezwa Kenya, ambayo ndani yake mna bakteria hai wa kupaka kwenye mbegu za maharage au soya ili wakaishi katika vifundo vya mizizi na kunasa naitrojeni ya hewani. Bidhaa hiyo ikipigwa na jua hadi bakteria wakafa, umebaki na unga mweusi usio na faida. Mabaki ya uyoga hayako hivyo kabisa. Nyuzi zake zikizikwa ardhini hazidumu sana. Huzidiwa nguvu na wenyeji wa udongo, hufa, na huliwa. Kufa huko hakuiharibu bidhaa, kwa kuwa faida yake kubwa huanzia hapo.

Kwa muda mrefu tulifundishwa, nami nikiwa mwalimu niliwafundisha wanafunzi wangu hivyohivyo, kwamba mboji ni majani na mabua yaliyooza nusu na kukataa kuoza zaidi. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeibadilisha picha hiyo. Sehemu kubwa ya kaboni inayodumu katika udongo, ambayo kwa mashamba ya mazao hukadiriwa kufika karibu nusu ya kaboni yote ya tabaka la juu, si mabaki ya mimea moja kwa moja bali ni mabaki ya bakteria na fangasi waliokula mimea hiyo, wakazaliana, wakafa. Walio hai kwa wakati wowote ni wachache, asilimia chache tu za kaboni yote ya udongo. Ni vizazi na vizazi vya wafu vinavyojaza ghala. Kuta za chembe zao, yaani seli zinazojenga miili yao, hunata kwenye vipande vidogo vya mfinyanzi, hujificha ndani ya mabonge ya udongo, na huko haziozi upesi. Ni kama matumbawe: mdudu aliyeyajenga alikufa zamani, na nyumba za Mji Mkongwe bado zimesimama juu ya mawe yake.

Ukuta wa chembe ya fangasi una kitini, kitu kilekile kilicho katika gamba la kamba na la mende, na kitini ina naitrojeni inayokaribia asilimia 7 ya uzito wake. Vijidudu vya udongo huivunja polepole, wakaachia naitrojeni hiyo kidogokidogo. Kwa hiyo anayefukia mabaki ya uyoga hupata vitu viwili: akiba ndogo ya wafu iliyokwisha kuwamo ndani ya kiroba, na mlo utakaowalisha wenyeji wa udongo wake ambao nao, wakishakufa, wataacha akiba iliyo kubwa zaidi na iliyonata papo hapo mahali ilipotengenezewa. Nionavyo mimi faida ya pili inaizidi ya kwanza, ingawa muuzaji haitaji hata moja kati ya hizo.

Msimu wangu wa kwanza haukwenda vizuri, na sehemu ya lawama ni yangu. Nilipouliza kama nahitaji kuongeza kitu chochote, kijana aliyekuwa akipakia alinijibu, "Hapana, mwalimu, hii ni mbolea kamili, wewe mwaga tu upande." Nikamwaga, nikapanda. Mchicha ulichipua sawasawa, na kufikia wiki ya tatu majani ya chini yakawa ya manjano, mimea ikadumaa kwenye urefu wa kiganja, na tuta la jirani ambalo sikuliwekea chochote likawa na mchicha wa kijani uliolipita kwa mbali. Mke wangu alilitazama tuta langu la gharama akasema nimenunua njaa kwa fedha taslimu.

Alikuwa sahihi kuliko alivyokusudia. Vijidudu vinavyokula mabaki ya mimea huhitaji takriban sehemu 25 za kaboni kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni ili vijenge miili yao. Mabua ya mpunga huanza na zaidi ya sehemu 50 kwa 1; uyoga huipunguza tofauti hiyo lakini kwa kawaida haiimalizi, hasa pale mkulima anapokuwa mchoyo wa pumba wakati wa kuchanganya malighafi. Ukiyafukia yakiwa mabichi, vijidudu hukuta kaboni tele na naitrojeni pungufu, na pengo hilo hulijazia kwa kuchukua naitrojeni iliyokuwa tayari katika udongo, ile ambayo mchicha ulikuwa unaitegemea. Haipotei, kwa maana imo miilini mwao na itarudi watakapokufa, lakini mchicha huvunwa baada ya wiki nne hivi na hauwezi kungoja mirathi. Maelezo ya sentensi mbili yaliyobandikwa kwenye kiroba yangeniokolea tuta zima. Viroba vya muuzaji huyu havina lebo yoyote.

Kuhusu neno "mbolea", hesabu inajieleza yenyewe. Mfuko wa kilo 50 wa urea una naitrojeni kilo 23, kwa kuwa urea ni asilimia 46. Kiroba kimoja cha mabaki ya uyoga nilichokipima kilikuwa na kilo 25, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni maji. Tukisema ukavu wake ni kilo 10, na naitrojeni ndani ya ukavu huo ni asilimia 1.5, ambacho ni kiwango cha ukarimu kwa mabaki ya mamama, tunapata gramu 150. Ingehitajika viroba 150 na zaidi kufikia naitrojeni iliyomo katika mfuko mmoja wa urea, na hata hivyo sehemu ndogo tu ya naitrojeni hiyo ingepatikana katika msimu wa kwanza. Anayeuza kitu hiki kama mbadala wa urea anamdanganya mteja, hata kama anafanya hivyo kwa nia njema. Tangu ruzuku ya mbolea ilipoanza mwaka 2022, mkulima aliyejisajili ana njia ya kuipata urea kwa bei iliyopunguzwa, na sioni sababu ya kumshauri aiache kwa ajili ya viroba hivi. Vitu hivi viwili havifanyi kazi moja: urea huulisha mmea, mabaki haya huulisha udongo.

Msimu wa pili nilibadili utaratibu. Nilinunua viroba 30 mwezi wa saba, nikavimwaga chini ya mwembe katika rundo lenye urefu wa kiuno, nikachanganya na samadi ya kuku iliyokauka kwa kiasi cha debe 1 la samadi kwa madebe 4 ya mabaki, nikalowanisha na kufunika kwa majani ya migomba. Ndani ya siku chache rundo lilipata joto kiasi kwamba fimbo niliyoichomeka katikati ilitoka ikiwa haishikiki. Nililigeuza kila baada ya wiki mbili hivi, na mwishoni mwa mwezi wa tisa ule weupe ulikuwa umetoweka, vipande vimekuwa vya kahawia iliyokolea, na harufu imekuwa ya udongo. Rundo lilipungua kwa karibu nusu, jambo ambalo mnunuzi mpya alijue mapema asije akafikiri ameibiwa. Hapo nilifanya jaribio ambalo nawashauri wote: jaza makopo mawili, moja udongo mtupu na jingine udongo uliochanganywa na mabaki, panda mbegu kumi za mchicha kila kopo, na usubiri wiki mbili. Kama kopo la mabaki linachelewa kuchipua au linatoa miche ya manjano, rundo bado halijaiva.

Matokeo ya vuli ile yalikuwa tofauti kabisa. Mchicha ulifanana na ule wa tuta lililowekwa samadi peke yake. Sikuona ziada katika mavuno ya kwanza, na sitaki kuitunga. Tofauti ilijitokeza mvua zilipokatika. Udongo wangu ni wa kichanga chekundu unaokauka juu kama sahani na kupasuka, nami nimezoea kumwagilia kila asubuhi. Tuta lenye mabaki yaliyoiva lilivumilia siku ya pili bila mche hata mmoja kulegea, na nilipochimba kwa jembe dogo nilikuta mabonge ya ukubwa wa punje za mahindi, yaliyoshikana lakini yakivunjika kwa kubonyeza kidogo, pamoja na minyoo ya ardhi ambayo kwenye matuta mengine huonekana kwa nadra. Anayebeba maji kwa keni kutoka mtoni ataelewa kwamba siku moja ya kupumzika kati ya mbili ina thamani kuliko fungu moja zaidi la mboga. Katika msimu wa tatu, matuta yaleyale yaliyowekwa mara ya pili yalikuwa rahisi kulima hata kabla ya mvua kushuka, na urea niliyoweka kwenye nyanya niliipunguza kidogo bila kuona hasara kwenye majani. Nasema kidogo, na nasema kwenye bustani yangu.

Kuna usumbufu ambao muuzaji hausemi. Wa kwanza ni kuku. Vipande vya mabaki huvutia vijiinzi vyeusi vinavyotaga humo, funza wake huvutia kuku, na kuku wa jirani waliligeuza tuta langu moja lote kwa asubuhi moja, wakiwa na bidii ambayo sijawahi kuiona kwa kibarua. Usumbufu wa pili ni mdogo na wa kufurahisha: siku ya nne baada ya mvua kubwa, uyoga uliota katikati ya spinachi. Uliotoka kwenye vipande vilivyokuwa bado vyeupe ulifanana na mamama, lakini sikuula wala sishauri mtu aule, kwa maana katika tuta lililo wazi huwezi kujua ni mbegu ipi iliyotua. Mamama hula vitu vilivyokufa na haushambulii mboga iliyo hai, kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa mazao.

Huduma ya muuzaji ina upungufu ambao unarekebishika. Katika viroba vya kwanza nilikuta vipande vingi vya nailoni ya ile mifuko ya kuoteshea, vilivyochanwa ovyo na kuchanganyika na mabaki. Niliokota nusu ndoo na bado navifukua mpaka leo kila ninapopalilia. Nailoni katika shamba haiozi, na mkulima anayejenga rutuba kwa mkono mmoja huku akizika plastiki kwa mwingine anajipunja mwenyewe. Nililalamika, na viroba vya msimu wa tatu vilikuwa visafi zaidi ingawa si visafi kabisa. Upungufu wa pili ni kwamba rundo lake liko nje bila paa, na anayenunua wakati wa masika hubeba maji: kiroba kilekile hunenepa kwa uzito bila kuongeza ukavu hata chembe, na mwenye kirikuu naye hutoza kulingana na mzigo. Nunua kiangazi, na ushike konzi moja uikamue. Vikidondoka matone machache inatosha, maji yakichuruzika kati ya vidole muombe muuzaji akupe ya chini ya rundo au urudi siku nyingine. Upungufu wa tatu unawahusu wale wanaofuga uyoga nyumbani kwao: baadhi ya mifuko anayoivunja iliharibika kwa ukungu wa kijani, ambao hauna madhara kwa mboga lakini ni adui wa banda la uyoga. Mtu wa namna hiyo asiyalete mabaki haya karibu na banda lake.

Wapo watakaouliza kwa nini wasinunue samadi tu. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ukiipata karibu na kwa bei nafuu, haina upungufu wowote mbele ya bidhaa hii isipokuwa mbegu za magugu. Tope linalotoka kwenye mtambo wa biogesi ni jamaa wa karibu, kwa kuwa nalo limejaa bakteria waliofanya kazi na kufa, na naitrojeni yake humfikia mmea upesi zaidi. Mwenye ng'ombe wawili na mtambo uani hana haja ya kusafiri kutafuta viroba. Ninachokitilia shaka zaidi ni zile chupa za maji ya kahawia zinazouzwa minadani kama "vijidudu vya rutuba", ambazo mtu hunyunyizia lita chache kwenye ekari nzima. Hata kama kila kijidudu kilichomo kingekuwa hai, udongo usio na cha kula hauwezi kuwaweka wageni wengi kuliko wenyeji waliokwisha kufa njaa humo. Mabaki ya uyoga angalau huja na chakula chake.

Swali la bei linategemea unachokilima. Kiroba kimoja kilichojaa hutoa madebe matatu na kitu, na debe moja la lita 20 likitandazwa kwenye mita moja ya mraba hutoa tabaka la sentimita 2, ambalo ndilo ninalolichanganya juujuu kwa reki bila kulifukia chini sana. Tuta la mita 1 kwa 10 hula viroba vitatu, yaani shilingi 7,500 kabla ya usafiri, na zaidi ukihesabu kwamba rundo hupungua likiiva. Kwa kitalu cha miche, kwa spinachi, kwa nyanya na hoho zinazokaa shambani miezi kadhaa na kuuzwa kwa bei ya maana, gharama hiyo inabebeka, hasa kwa kuwa tuta halihitaji kipimo kamili kila msimu. Kwa mchicha wa wiki nne ni ghali, isipokuwa uwe unautanguliza kwenye tuta ambalo baadaye litabeba nyanya. Kwa mahindi ya ekari mbili ni ndoto. Huko ni afadhali kuacha mabua ya shamba lenyewe yafunike ardhi, kupanda mbaazi katikati, na kuacha vijidudu vya papo hapo vifanye kazi ileile bila kirikuu.

Nimekwisha kuagiza viroba 20 vingine kwa ajili ya mwezi wa saba. Kibao cha langoni bado kinasema "mbolea hai", lakini safari iliyopita yule kijana alinisindikiza hadi kwenye gari akimweleza mama mmoja aliyekuja na toroli kwamba asiyapandie yakiwa meupe, ayalaze kwanza na samadi ya kuku mpaka yawe meusi. Mama akauliza ni muda gani. Kijana akanitazama mimi. Nikamwambia miezi miwili, shangazi, na uyafunike vizuri, kuna kuku.